Ukuta wa Mama Ndani ya Jumba la Sanaa

Askari wa langoni aliacha kupekua mkoba wangu zamani. Mwanzoni alikuwa akiufungua, anatazama madaftari ya wanafunzi, mwavuli, chupa ya maji, kisha anaufunga haraka kama mtu aliyefunua sufuria isiyo yake. Siku hizi hunitazama tu na kusema, "Madam, leo tena?" Nami humjibu, "Leo tena," na kupita, kwa sababu sipendi kuulizwa.

Nafundisha shule ya msingi huku Nyamasaria. Kengele ya mwisho ikilia, walimu wenzangu hubaki wakisahihisha kazi au hupitia sokoni. Mimi hupanda bodaboda kwenda mjini Kisumu, kwenye jumba la sanaa la kanda yetu ya ziwa. Watu wakisikia hivyo hudhani mimi ni mpenzi mkubwa wa sanaa. Hapana. Mle ndani kuna picha za ziwa ambazo nimezipita mara nyingi bila kusoma zimechorwa na nani. Kuna vigoda vya miguu mitatu, kuna vyungu vilivyopangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, kuna kichwa cha mashua kilichopakwa rangi nyekundu na buluu, na kuna sanamu za mawe kutoka Kisii. Vyote hivyo navipita mbio. Nakwenda chumba cha mwisho, baada ya vyungu, kwenye ukuta mmoja wa udongo. Ukuta huo aliukandika mama yangu kwa mikono yake, na mama yangu amekufa.

Ni ukuta wa nyumba isiyokuwepo. Walijenga upande mmoja tu, fito na udongo, wakaweka mlango usiofika popote na kipande cha bati juu yake. Chini ni mweusi wa samadi na majivu, katikati ni mwekundu, juu ni mweupe wa ule udongo unaochimbwa kando ya mto kule kwetu. Na kote, kutoka chini hadi kwenye bati, kuna mistari ya vidole: inapanda, inajikunja, inashuka, inakutana. Kando yake wameweka kibao: "Ukuta wa nyumba. Udongo, samadi, majivu. Tafadhali usiguse."

Mimi hugusa. Nasubiri mhudumu ageuke, nachuchumaa upande wa kushoto wa mlango, chini kabisa, penye mistari minne inayokwenda pamoja na kugeuka pamoja. Naingiza vidole vyangu vinne. Vinaingia barabara, hakuna kinachobanwa wala kinachopwaya. Mara ya kwanza kufanya hivyo, wiki chache baada ya mazishi, nililia hadi mtalii mmoja akanipa karatasi ya kujipangusa. Nilijiambia kwamba mkono wangu ni mkono wa mama, na kwamba hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Niseme pia kwamba mimi ni mtu asiyekalika. Nikikaa kitini, goti linatikisika. Kanisani mimi ndiye ninayetoka nje mara mbili na kusingizia simu. Hata kupika napika nikitembea. Mama alikuwa akisema alinizaa safarini, jambo ambalo si kweli, alinizaa hospitalini Bondo, lakini alipenda kulisema mbele ya wageni. Pale kwenye mistari minne tu ndipo mguu wangu ulikuwa ukitulia, na ndiyo sababu nilikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi mume wangu akaanza kuniuliza kama kuna ibada huko.

Kwetu ni upande wa Bondo, na mama alijulikana kwa kukandika. Kila Desemba, kabla watoto wa Nairobi na Mombasa hawajarudi nyumbani, wanawake hukandika nyumba zao upya, na wake wa majirani walikuwa wakipita kwetu kwa kisingizio cha kuomba chumvi ili waone mwaka huu amechora nini. Mkono wake ulitambulika. Alipokuwa msichana alijikata na panga akivuna mafunjo ziwani, na kidole chake kidogo cha mkono wa kulia hakikunyooka tena. Kwa hiyo alipopitisha mkono kwenye udongo mbichi, mistari mitatu ilitoka minene na wa nne ulikuwa mwembamba, unakuja na kupotea. Sisi watoto tuliuita mstari wa mgonjwa. Yeye mwenyewe alicheka. Alisema huyo mgonjwa amewazika wazima wengi.

Msimamizi wa mikusanyo ya jumba lile ni kijana wa upande wa Kakamega, mpole, mwenye kusema "samahani" kabla ya kila sentensi. Alifika kwetu baada ya mtu kumwonyesha picha ya nyumba ya mama kwenye simu. Alipoeleza anachotaka, mama alimwuliza, "Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Samahani Mama, ni ya watu wote."

"Hakuna nyumba ya watu wote. Nani atalala ndani?"

"Hakuna atakayelala, Mama. Ni ya kuangaliwa tu."

Mama alinigeukia akasema kwa Dholuo, lugha yetu, kwamba kijana huyu ana tabia nzuri lakini hajui nyumba ni kitu gani. Kisha akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alitaka kuona mji kidogo, na kwa sababu baba alikuwa ametangulia miaka mingi na nyumbani hapakuwa tena na mtu wa kubishana naye.

Niliomba ruhusa shuleni nikawa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kukoroga, kuchota maji na kugombana. Kugombana kulianzia langoni, siku tuliyoleta samadi mbichi kutoka Nyalenda ndani ya ndoo mbili juu ya bodaboda.

"Hii ni nini?" askari akauliza, mkono puani.

"Ni rangi," mama akasema.

"Rangi gani inanuka hivi?"

"Ya ng'ombe."

"Mama, mimi hiyo siwezi ruhusu. Hapa watu huingia na viatu safi."

Ilibidi msimamizi ashuke mwenyewe na kubeba ndoo moja, tai na kila kitu. Wageni wa siku ile walipita chumba cha mwisho wakikimbia. Mama alifurahi kama amelipwa mara mbili.

Jambo moja la siku zile lilimkosesha msimamizi usingizi. Asubuhi ya kwanza mama alichora upande mzima wa kulia, ukatoka vizuri ajabu, naye kijana akapiga picha nyingi na kuwaita wenzake. Mama akarudi nyuma, akatazama, akasema huu umeinama. Akalowesha kiganja chake akaufuta wote. Kijana alishika kichwa. "Mama, samahani, kwa nini? Ulikuwa mzuri!" Mama akamtazama kwa huruma. "Si mkono bado uko?" akamwambia.

Kijana huyo pia aliomba wachanganye gundi ya seremala kwenye udongo ili udumu. Mama alikataa. Alisema anayetaka nyumba isiyohitaji kukandikwa anunue matofali.

Mwaka uliofuata mama aliugua muda mfupi akafa. Sitaeleza habari za ugonjwa wala mazishi, maana hadi leo nikizianza nanyanyuka na kwenda jikoni.

Halafu msimamizi akanipigia simu nikiwa darasani. "Mwalimu, samahani. Ukuta umefanya ufa."

Nilimwachia mwenzangu darasa. Bodaboda ilinichelewesha, au mimi nilitaka ipae. Nilipoingia chumba cha mwisho niliona ufa ukianzia kwenye kona ya juu, chini ya bati, ukishuka hadi juu ya mlango. Ngozi ya udongo mweupe ilikuwa imeachana na ukuta, na vipande vimeanguka sakafuni. Mwanamke anayesafisha alikuwa ameinama tayari na fagio.

"Usifagie!" nilipiga kelele. Sauti ikarudi kutoka kwenye vyungu.

Akanyooka taratibu. Ni mtu mzima, labda rika la mama. "Si ni mchanga tu, Mwalimu?"

"Si mchanga. Ni mama yangu."

Alikwenda akarudi na kopo tupu la mafuta ya kupikia, akapiga magoti na kuokota vipande kimoja kimoja, hata vumbi akalikusanya kwa kiganja. Akaliweka kopo kwenye kabati lake la mifagio, akafunga. Sikumshukuru siku ile, nilikuwa nimejaa hasira zisizo na pa kwenda.

Msimamizi alinieleza ofisini, mimi nikiwa nimesimama kwa sababu kiti kilinishinda. Feni za chumba kile na joto la bati vilikuwa vimekausha sehemu ya juu kupita kiasi. Sehemu ya chini ilikuwa nzima. Sasa kuna njia mbili. Kuna fundi Nairobi anayejua kuingiza gundi ndani ya nyufa kwa sindano, kisha anapaka dawa isiyoonekana juu ya ukuta wote, nao hautabadilika tena. Lakini ukishapakwa dawa hiyo, hakuna udongo utakaoshika juu yake milele. Au mimi, kwa kuwa nilikuwa na mama wakati wa kazi, niukandike upya kama unavyokandikwa nyumbani. Bila hivyo watauondoa, kwa sababu wanafunzi huja pale na kipande kinaweza kumwangukia mtoto.

"Mama alisema asipokuwepo nikuulize wewe," akasema. "Samahani, Mwalimu. Mwisho wa mwezi lazima niwaambie wakubwa kitu."

Nilitoka nikatembea hadi ufukweni, nikatembea hadi kituo cha mabasi, nikarudi. Dawa ya Nairobi ingemfunga mama kama kitu ndani ya plastiki. Kukandika upya kungemfuta. Kila jibu lilikuwa linamwondoa kwa namna yake, na kila jioni nilimwambia mume wangu jibu tofauti.

Jumamosi nikaenda nyumbani Bondo. Nilitaka kuona nyumba yenyewe, ile ya kweli. Sikupaswa kwenda. Kwetu nyumba ya mzazi aliyekufa haikarabatiwi. Hubaki kama alivyoiacha, mvua inakula, upepo unakula, hadi siku moja inakaa chini yenyewe. Nilijua hivyo tangu utoto, nimeona nyumba ya bibi ikiisha hivyo na sikuona ubaya. Lakini hii ilikuwa ya mama. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimefuta kila kitu. Nyekundu imekuwa kijivu, mistari imekwenda, mgonjwa na wazima wake wote. Fito zilionekana kama mbavu.

Kaka yangu mkubwa alinikuta nikiwa na jembe na karai la maji.

"Unafanya nini?"

"Naziba tu hapa pembeni."

"Weka chini."

"Ni kidogo tu."

"Weka chini, dada. Unataka kutuletea mambo gani hapa? Nyumba ya marehemu haiguswi, na unajua."

Nililitupa lile karai hadi kuku wakatawanyika. Kaka hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akalifuata, akaliokota, akaniambia chai iko tayari.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama tumbo moja, ameolewa ng'ambo ya pili ya Bondo, anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Nilimpitia nyumbani kwake nikirudi. Nilimweleza yote nikizunguka meza yake, naye akiendelea kupeta omena zake bila kuinua macho.

"Ule wa Kisumu," akasema nilipomaliza, "ni nyumba ya dadangu ama si nyumba yake?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa. Kama ni nyumba yake, basi mwenyewe ameenda, uache uanguke. Usilete fundi, usilete mkono wako. Kama si nyumba yake, ni ukuta tu wa serikali, waachie. Lakini kama ni ukuta tu, wewe kila siku unaendea nini?"

Nilitoka nje, nikafika barabarani, nikarudi. Bado alikuwa anapeta.

"Unanizungusha kichwa," akaniambia, kwa sauti ya mama kabisa. "Nipeleke nikauone. Siku ya kufungua nilikuwa na mjukuu hospitalini."

Alikuja Jumatano, amevaa nguo ya kanisa na viatu vya ngozi. Alimsalimia askari kwa mkono, akamsalimia mwanamke wa usafi, akasalimia hata picha fulani ya mzee aliyevaa kofia. Kwenye vigoda alisimama na kutikisa kichwa. "Hivi vimekaliwa na watu wazito," akasema. Chumba cha mwisho alipouona ule mlango usiofika popote, alivua viatu, akasema, "Hodi hapa." Vijana wawili waliokuwa wakipiga picha walicheka. Yeye hakuwatazama.

Alisogea karibu. Akainua kidole, bila kugusa, akafuata mistari ya juu, pale karibu na ufa: mitatu minene, mmoja unakuja na kupotea. Midomo yake ilikuwa ikienda. "Huyu ni dadangu," akasema. "Huyu ni yeye kabisa. Hata hapa alipochoka, ona." Machozi yalimshuka akayaacha.

Nikamshika mkono. Nilitaka kumpa kile changu, kitu nilichokuwa sijamwonyesha mtu. "Njoo uone hapa chini. Hapa ndipo mimi hukaa naye." Nikachuchumaa, nikaingiza vidole vyangu vinne.

Mama mdogo alivaa miwani. Akainama, mkono kiunoni. Kisha akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu kicheko chote.

"Hii si yake."

"Ni yake. Nilikuwepo!"

"Hesabu, nyara, binti yangu. Moja, mbili, tatu, nne. Yote imeshiba. Mgonjwa yuko wapi?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeutazama ukuta ule mwaka mzima, nimefunga macho na kuufuata kwa vidole, mimi niliyebatiza ule mstari nikiwa mtoto. Mistari minne ilikuwa sawasawa, minene, mizima, haina mgonjwa hata mmoja.

Hapo nikakumbuka. Ilikuwa siku ya mwisho, alasiri. Kiuno cha mama kilikuwa kimekataa, akavuta kigoda kilichokuwa karibu na kukikalia. Kilikuwa kimoja cha vile vya maonyesho, na msimamizi nusura alie, lakini hakuthubutu kumwinua. Mimi nilikuwa natoka na kuingia, simu sikioni, nikigombana na mtu juu ya karatasi za mtihani. Mama akasema, "Wewe unanizungusha kichwa. Kaa hapo chini, malizia." Nikakaa, simu ikiwa imebanwa begani, nikapitisha mkono kwenye udongo mbichi, nikageuza, nikapitisha tena, hadi sehemu yote ya chini ikaisha. Hata sikuangalia vizuri ninachofanya. Nilipomaliza mama alinywa chai yake, akatazama, akasema, "Itashika." Nilidhani anazungumzia udongo. Nikainuka, nikaendelea na simu.

Nilimweleza mama mdogo nikiwa bado sakafuni. Niseme ukweli, sikufarijika. Nilihisi nimeibiwa. Mwaka mzima nimelilia mkono wangu mwenyewe, nimeusifu, nimeuguza, nimeukimbilia kila kengele ya mwisho ikilia. Mama alikuwa juu, karibu na bati, alikopanda kwa ngazi, mahali nisipofika hata nikisimama kwa vidole vya miguu, na hapo ndipo anapoanguka. Nililia kwa hasira, nikiupiga mguu wangu kwa ngumi.

Mama mdogo alikaa chini kando yangu, nguo ya kanisa na yote, akaniacha nilie hadi nikaishiwa.

"Sasa jibu tunalo," akasema. "Ya juu ni ya marehemu, haiguswi. Ya chini ina mwenyewe. Mwenyewe yuko hai, yuko hapa amenuna."

Tulikwenda ofisini. Safari hii nilikaa. Nilimwambia msimamizi fundi wa Nairobi asije. Sehemu ya juu aiache. Aweke kamba watu wasikaribie, azime feni kama anaweza, lakini aiache. Ya chini nitaikandika mimi mwenyewe, kila Desemba, kama ninavyopaswa.

"Samahani," akasema polepole. "Kwa hivyo tuache ya juu ianguke?"

"Ianguke."

Nilimwonea huruma. Kazi yake yote, mshahara wake wote, ni kuzuia vitu visianguke. Alitazama dirishani, akatazama mikono yake. Mama mdogo akamwambia, "Kijana, hata wewe kuna nyumba kwenu iliyoachwa hivyo. Ama huko Kakamega hamfi?" Akatabasamu bila kutaka. Akasema kuna ya nyanya yake. Wakubwa wake walimwuliza maswali mengi juu ya jambo hilo, nasikia, na sijui aliwajibu nini. Ila ile wiki kamba ikawekwa, nayo feni moja ikazimwa.

Kutoka hapo niliacha kwa muda kwenda kila siku. Si kwa sababu nilikuwa nimetulia. Nilikuwa namwogopa mama. Kila nilipokwenda kulikuwa na kipande kingine kimepungua, na nilitoka nikatembea hadi soko likafungwa. Nilimkasirikia mama kwa kukataa gundi. Nilimkasirikia mama mdogo kwa kuhesabu. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba bado naweza kumpigia yule fundi wa Nairobi, naye akaniambia basi piga, na sikupiga.

Desemba shule zilipofungwa nilileta ndoo mbili kutoka Nyalenda.

"Madam," askari akasema, mkono puani, "ni ile rangi tena?"

"Ni ile."

Alifungua lango lote. Hata akabeba ndoo moja hadi mlangoni, ameigeuzia uso pembeni.

Nilitandika magunia sakafuni, nikavua viatu. Nilikuwa nimeanza kukoroga samadi na majivu mwanamke wa usafi alipofika na lile kopo lake. Lilikuwa limejaa hadi juu. Kila asubuhi alikuwa ameokota kilichoanguka usiku, akakiweka, hakuna aliyemwambia. Alilitua karibu na karai langu akarudi kwenye fagio lake, na mimi nikamshukuru kwa Dholuo, "Ero kamano, Mama," na safari hii nilisema kwa sauti ya kusikika.

Vipande vingine bado vilikuwa na mstari. Nilikishika kimoja, nikageuza kwenye mwanga, nikamwona mgonjwa akikatiza pembeni, mwembamba. Nilikaa nacho mkononi. Kisha nikakiponda na vingine vyote, nikavimimina ndani ya karai, nikakoroga hadi weupe wote ukapotea ndani ya weusi.

Unaanza kwa kulowesha ukuta ili mpya ishikane na wa zamani. Nikaifuta ile mistari yangu minne niliyoilia, haikuchukua muda. Nikapaka. Nikasubiri ishike kidogo. Nikajaribu kukikunja kidole changu kidogo nikachora, ili itoke kama yake, mitatu na mmoja mgonjwa. Ilitoka vizuri. Nilirudi nyuma nikatazama, nikaona ni uongo. Nikalowesha kiganja, nikaufuta wote, nikachora kwa vidole vyote vinne.

Niliendelea kutoka mlangoni hadi kona, nikarudi, nikashusha, nikapandisha hadi pale mistari ya mama inapoanzia, sikupita hapo. Askari alipokuja kuniambia wanafunga, taa za vyungu zilikuwa zimeshazimwa, na mimi nilikuwa bado nimekaa.